Waliofunga Madirisha

Ishushe picha iliyoning'inia ukutani miaka mia, na nyuma yake utakuta mraba wa rangi ambayo chumba chenyewe kilikwisha kuisahau. Ukuta mzima umepauka, wekundu umegeuka hudhurungi. Lakini pale picha ilipokuwa, wekundu ungali ule ule wa siku fundi alipomaliza kubandika karatasi na kukunja ngazi yake. Katika majumba makubwa ya mashambani huko Uingereza, yale waliyojijengea mabwana wa ardhi katikati ya malisho na miti mikubwa, miraba ya namna hii iko mingi, na watunzaji huichungulia kwa makini kuliko wanavyoitazama picha yenyewe. Ipi ndiyo rangi ya chumba? Ile iliyojificha, ambayo hakuna aliye hai aliyepata kuiona ikiwa imetanda ukuta mzima, au ile iliyochujuka, ambayo vizazi vya watu wamekaa mbele yake wakila, wakicheka, wakigombana na kufiwa? Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Basi tumeingia ndani, na ndani tumekuta kuta mbili katika ukuta mmoja.

Mwizi wa rangi ni nuru, na ubaya wa mwizi huyu ni kwamba bila yeye hakuna kinachoonekana. Maadui wengine wa nyumba kongwe wana dawa zao. Nondo anayekula sufu huuawa kwa kukifunga kitambaa ndani ya plastiki na kukigandisha kwenye friza mpaka mayai nayo yafe. Vumbi hupanguswa kwa brashi ya manyoya laini, huku mdomo wa bomba la kufyonzea ukiwa umefungwa wavu, lisije likameza uzi wa hariri uliolegea. Unyevunyevu hupimwa na kurekebishwa. Nuru haina dawa. Inaivunja rangi chembe kwa chembe, inaidhoofisha hariri mpaka inakatika yenyewe bila kuguswa, na kilichokwenda hakirudi hata ukikiweka chumba gizani karne nzima. Akina mama wa pwani hawakuhitaji maabara kulijua hili: kanga mpya huanikwa kivulini. Ila watunzaji wa majumba haya wameipigia nuru hesabu. Kwa vitu dhaifu kama hariri na karatasi zilizotiwa rangi, kipimo kinachokubalika ni luksi 50, mwanga hafifu ambao macho huhitaji dakika chache kuuzoea. Na National Trust, shirika la hiari linalotunza zaidi ya majumba 200 ya kihistoria, limezoea kuvipa vitu hivyo posho ya luksi-saa 150,000 kwa mwaka. Jua kali la mchana linakaribia luksi 100,000. Hesabu unaweza kuimaliza mwenyewe: likianguka moja kwa moja juu ya kiti cha hariri kwa saa moja na nusu, posho ya mwaka mzima imekwisha, na bado ni tarehe mosi Januari.

Kwa hiyo kila palipobaki rangi, pana mtu aliyefunga dirisha. Hili ndilo jambo linalonirudia kila nikiisoma habari ya majumba haya. Vitabu vinatuambia nani alimlipa msanifu, nani alileta picha kutoka Italia, nani alicheza kamari akapoteza shamba. Hakuna kitabu kinachotuambia ni mikono ya nani iliyokuwa ikizikunja na kuzikunjua mbao za madirisha kila siku, ikatandaza mashuka juu ya viti wenyewe wakisafiri, ikaliteremsha pazia upande wa kusini jua lilipopanda na kulipandisha lilipogeuka. Kazi hiyo haikuacha hati. Iliacha rangi. Chumba ambacho kitambaa chake kingali na uhai baada ya miaka 250 ni hesabu ndefu ya alfajiri na machweo ya watumishi, wengi wao wasichana waliotoka vijijini, waliolala chini ya paa kwenye baridi na kuamka kabla ya wote. Tajiri alinunua wekundu ule mara moja. Wao waliununua tena kila siku.

Mfano wangu ni Uppark, jumba la matofali mekundu lililo juu ya kilima cha South Downs, karibu na kijiji cha South Harting, West Sussex. Lilijengwa yapata mwaka 1690, na mwaka 1747 likanunuliwa na Sir Matthew Fetherstonhaugh, kijana aliyerithi fedha nyingi na kuoa binti wa mfanyabiashara. Yeye na mkewe walilijaza: mapazia ya hariri, nakshi za chokaa darini, karatasi nyekundu za ukutani zilizopambwa kwa vumbi la sufu lililogandishwa kwa gundi ili zifanane na mahameli. Mwanawe, Sir Harry, aliponda mali ujanani, kisha mwaka 1825, akiwa na miaka 70, akafanya jambo lililowaziba midomo majirani: alimwoa Mary Ann Bullock, msichana wa miaka 20 hivi aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya maziwa ya shamba lake. Sir Harry alipofariki mwaka 1846, jumba na kila kilichomo kikawa cha Mary Ann, na baada yake kikawa cha mdogo wake, Frances, aliyeishi hadi mwaka 1895.

Hapa ndipo kisa kinapoacha njia iliyozoeleka. Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa ikifanya mapinduzi ya vyumba: vitambaa vizito vyeusi, samani nono, maua ya karatasi, picha juu ya picha. Warithi wa damu ya kibwana waling'oa vya babu zao bila kupepesa jicho. Dada hawa wawili, ambao jamii ya mabwana iliwatazama kwa pembe ya jicho maisha yao yote, karibu hawakubadilisha kitu. Vyumba vilibaki kama Sir Harry alivyoviacha. Tunaweza kusema ilikuwa heshima, tunaweza kusema ilikuwa woga wa watu wasio na uhakika kama kile kiti ni chao kweli. Mimi naamini kulikuwa na jambo jingine pia: mtu aliyewahi kusugua ndoo za maziwa anajua kwamba kitu kilichotunzwa vizuri hakina haja ya kubadilishwa. Hilo siwezi kulithibitisha, lakini nyumba yenyewe haikatai.

Chini ya uwanja wa Uppark kuna mapito ya ardhini ambamo watumishi walipita kutoka jikoni na kwenye mazizi, wakibeba vyakula na maji bila kuonekana na wageni waliokuwa wakitembea juu ya nyasi. Katika mapito hayo alipita Sarah Wells, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa kike wa Frances kuanzia mwaka 1880 hadi 1893. Mwanawe alikuwa akija kumtembelea na kujisomea vitabu vya wenye nyumba. Kijana huyo, H. G. Wells, baadaye aliandika juu ya mashine ya kusafiri katika wakati, na juu ya viumbe wanaofanya kazi chini ya ardhi huku wengine wakicheza juani. Wasomaji wengi wameyaona mapito ya Uppark katika kitabu hicho. Mimi naona pia vyumba vya juu: mahali ambapo mvulana angeweza kusukuma mlango na kujikuta katika karne iliyopita, kwa sababu tu mwanamke fulani alikuwa ameamua hivyo.

Katika miaka ya 1930 alikuwapo mwanamke mwingine, Lady Margaret Meade-Fetherstonhaugh, ambaye mumewe alikuwa amelirithi jumba. Alikuta mapazia ya karne ya kumi na nane yamechakaa, hariri inachanika ukiigusa, uchafu umeshikamana na uzi. Mtu mwenye fedha angeagiza mapya. Yeye alipanda mmea. Ni saponaria, mmea wenye maua ya waridi hafifu, ambao majani na mizizi yake ikichemshwa hutoa povu la upole kuliko sabuni yoyote ya dukani. Mapazia yalioshwa kwa maji hayo, na hariri ikarudiwa na mng'ao ambao hakuna aliyeutarajia. Kisha ikaja kazi ya sindano: kila uzi uliokatika ulilazwa mahali pake na kushikizwa kwa mshono mdogo juu ya kitambaa kipya cha kuukinga kwa nyuma, pazia moja likachukua miezi. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukisogea unaona mistari myembamba sambamba, kila mmoja ukiwa ni saa ya mtu aliyeinamisha kichwa karibu na dirisha. Tena dirisha lile lile: bila nuru yake sindano haioni njia, na kwa nuru yake pazia linazidi kufa.

Mwaka 1954 familia ililikabidhi jumba kwa National Trust. Miaka 35 baadaye, paa lilihitaji matengenezo, na mafundi wakapanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa tangu utotoni, na hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kuungua akiwa anaziba ufa. Tarehe 30 Agosti 1989, kazi ikiwa karibu kwisha, moto wa kuchomelea bati za risasi ulishika mbao za paa. Ilikuwa alasiri, wageni wakiwa ndani ya nyumba. Wafanyakazi, watu wa familia, wageni na wazimamoto walijipanga na kupokezana: picha, viti, meza, vyombo vya kaure, vikatoka nje na kulazwa majanini huku risasi iliyoyeyuka ikidondoka. Vitu vingi vya vyumba vya chini viliokolewa. Vya ghorofa ya juu, ambako familia ilikuwa ikiishi, vikateketea, na usiku ule sakafu ya juu ikaangukia vyumba vya chini. Watu wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa uchungu huo. Sehemu ya jumba lao la kale, Beit al-Ajaib, nayo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 jumba likiwa katika matengenezo, na watu wakafa.

Asubuhi kulikuwa na kuta nne na lundo la majivu lililolowa. Moto huzaa jivu, na kwa kawaida jivu huzolewa na kumwagwa. Uppark hawakulimwaga. Waliitwa watu wa akiolojia, wale wanaochimbua miji iliyokufa zamani, wakakigawa kifusi katika miraba, wakakijaza katika maelfu ya mapipa yaliyoandikwa yametoka chumba gani na kona ipi, kisha wakaanza kuchekecha. Vilitoka vipande vya nakshi, vitasa, fuwele za taa za kuning'inia, mbao zilizoungua upande mmoja na upande wa pili zikiwa na nusu ya jani lililochongwa. Katikati ya hayo kulikuwa na ubishi mkali. Wako waliosema libomolewe. Wako waliosema liachwe gofu. National Trust likaamua lirudishwe, na likachagua kipimo ambacho sijakisahau tangu nilipokisoma: liwe kama lilivyokuwa siku moja kabla ya moto.

Itazame amri hiyo kwa utulivu. Hawakusema lirudi kama Sir Matthew alivyolipamba, jipya na linalometa. Walitaka Jumanne, tarehe 29 Agosti 1989, pamoja na mikwaruzo, na mpauko, na mishono ya Lady Margaret. Kupata dari jipya la zamani, ilibidi mafundi wajifunze upya kufinyanga nakshi kwa mkono, chokaa ikiwa bado mbichi darini, kazi ambayo huko Uingereza ilikuwa karibu kuzikwa kwa sababu viwanda vilikuwa vimewazoesha watu nakshi za kumimina kwenye kalibu. Walipanda jukwaani, wakakosea, wakabomoa, wakaanza tena. Chokaa haimsubiri mtu: ina muda wake wa kukubali kidole, na ukipita imekwisha kuwa jiwe. Mahali kipande cha zamani kilipookolewa, kilirudishwa na pengo likazibwa kukizunguka. Karatasi nyekundu mpya zilitengenezwa kwa ruwaza ya zamani, kisha zikapunguzwa ukali wa rangi ili zikae kando ya vipande vilivyopauka bila kuvitia haya. Kazi ilichukua miaka sita na takriban pauni milioni 20, na mwaka 1995 milango ikafunguliwa.

Hapo ndipo palipo na mwiba. Kupauka kwa ukuta ule kulikuwa kumeandikwa na miaka 200 ya jua na ya watu walioliwekea jua mipaka. Sasa fundi mmoja, kwa brashi, ameuandika mpauko huo kwa majuma machache. Je, ni ushuhuda wa kweli au ni saini ya kughushi? William Morris, aliyeanzisha mwaka 1877 chama cha kuyalinda majengo ya kale, asingesita: alichukia kila aina ya kulirudisha jengo nyuma, akidai kwamba litunzwe tu lisianguke, na kila kiraka kionekane wazi kuwa ni kiraka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kipya kilichojipaka uzee hakina hata kinyemi hicho. Nimelipima neno hili mara nyingi na bado nasimama na mafundi wa Uppark. Morris alikuwa akipigana na makasisi na wasanifu waliokuwa wakiyakwangua makanisa ili yafanane na karne waliyoipenda wao. Uppark hapakuchaguliwa karne iliyopendeza. Palichaguliwa siku ambayo kila mtu aliyewahi kufunga dirisha alikuwa amekwisha kufanya sehemu yake. Kama ukuta ungerudishwa katika wekundu wa mwaka 1750, kazi yao yote ingefutwa kwa heshima kubwa na kwa gharama kubwa.

Wako waliochagua njia nyingine. Mwaka ule ule wa 1989 lilifunguliwa kwa umma jumba la Calke Abbey, Derbyshire, ambalo ukoo wa Harpur Crewe ulikuwa umejifungia humo vizazi kadhaa, ukifunga chumba kimoja baada ya kingine kadiri kilivyojaa ndege waliokaushwa na mabaki ya maisha. Umeme uliingia mwaka 1962. Hapo watunzaji waliziba paa, wakaimarisha kuta, kisha wakaacha rangi iendelee kubambuka na karatasi iendelee kuning'inia, chini ya uangalizi. Na ndani ya masanduku walikuta kitanda cha kifahari cha mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, mapazia yake ya hariri ya Kichina yametariziwa mazimwi, ndege na maua, rangi zikiwaka kana kwamba mshonaji ameondoka jana. Inaaminika kilikuwa zawadi ya arusi ya mwaka 1734. Yaelekea hakuna aliyekilalia. Sasa kimesimama nyuma ya kioo, katika mwanga wa jioni ya kudumu. Jumba jingine, Clandon Park, Surrey, liliungua tarehe 29 Aprili 2015 kwa hitilafu ya umeme. Mwanzoni ilisemwa vyumba vikuu vitarudishwa, lakini mwaka 2022 ikaamuliwa libaki na makovu yake, matofali yakiwa uchi, chumba kimoja tu kikisimama karibu mzima katikati ya magofu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila sidhani kwamba gofu ni kweli zaidi kuliko dari lililofinyangwa upya, kama wanavyosema baadhi ya wanaolisifu. Gofu linalowekewa madaraja ya chuma na kukingwa mvua nalo limechaguliwa siku yake. Ni siku ya baada ya moto tu.

Siku hizi kazi ya watumishi imerithiwa na walinzi wa mishahara midogo na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Majira ya baridi wanavilaza vyumba: mashuka juu ya viti, mazulia yakikunjwa, mbao za madirisha zikifungwa. Mitambo ya joto haiwashwi kwa kuwa mtu anahisi baridi. Inawashwa kipimo cha unyevu kikipanda, kwa hiyo mlinzi hutetemeka kandoni mwa kabati linalojisikia vizuri kabisa. Vumbi wanalolipangusa, kwa sehemu kubwa, ni nyuzi za nguo zetu sisi tunaokuja kutazama. Na palipo na posho ya nuru pana ugomvi wa posho: mbao zikifunguliwa saa moja zaidi leo kwa ajili ya watoto wa shule, saa hiyo inakatwa kwa mgeni wa mwezi ujao, au kwa mtu ambaye hajazaliwa.

Wapo wanaotaka vyumba dhaifu vifungwe kabisa na watu waonyeshwe picha. Mimi simo. Kitanda cha Calke kimenishawishi kinyume cha ilivyokusudiwa: hariri ile ilibaki nzuri kwa sababu haikuwahi kuwa ya mtu yeyote, na sioni kwa nini tuvifanye vitu vingine vyote viishi maisha yake. Ningefungua, kwa kiasi, nikijua ninachokila. Katika vyumba vingi daftari la nuru lipo tayari, lina tarehe, saa na idadi ya luksi. Ningeongeza safu moja tu, ya jina la aliyefungua na jina la aliyefunga.